Kisa cha Mwalimu na sura ya tisa: mchapishaji aliyeukubali mswada kabla hajausoma

Kisa hiki kwenye grupu letu kila mtu anakisimulia kivyake, wapo wanaosema Mwalimu alitapeliwa, wapo wanaosema Mzee alimharibia bahati yake, na wapo wanaosema sisi wote tulikuwa tunapiga makofi bila kujua tunampigia nini. Mwalimu mwenyewe amesema andika tu kaka, wengine wasije wakaingia humo humo, kwahiyo naandika. Majina siweki, kampuni nayo siitaji, anayeijua ataijua.

Grupu lenyewe ni la WhatsApp, watu kumi na kitu, wote tunaandika riwaya na hadithi fupi na hakuna hata mmoja mwenye kitabu dukani. Yupo Nesi wa Dodoma anayeandika zamu za usiku nyuma ya kaunta buku, wagonjwa wakitulia anafungua ukurasa wa mwisho anarudi nyuma nyuma ili matroni akipita aone mbele mambo ya wodi. Yupo Boda, huyu ana hadithi za upelelezi Facebook, anaachia vipande mpaka sehemu ya arobaini na ngapi sijui, kipande kinakatika jambazi ameshika kitasa cha mlango halafu "ITAENDELEA, like zikifika mia naachia", na ukitaka yote unamtumia buku, elfu moja, M-Pesa anakurushia PDF inboksi. Yupo dada wa Kariakoo anauza vitenge, yupo mwanafunzi wa chuo anayeandika vitu ambavyo mimi binafsi sivielewi lakini lugha anayo. Halafu yupo Mzee, mstaafu wa reli, kafanya kazi miaka mingi njia ile ya Korogwe, Mombo mpaka Same, hadithi zake mwenyewe fupi fupi na kavu, ila kwa kusoma za wenzake hana mpinzani.

Watu wa nje wanafikiri tunabadilishana vitabu pale. Ukweli tunachobadilishana zaidi ni kuwepo. Maana nyumbani hakuna anayeelewa, mume wa Mwalimu alikuwa anadhani mke wake anachati na wanaume usiku, mama yake Boda anamuuliza hivi hayo maandishi yanakulipa shilingi ngapi, Nesi wenzake walimwona na lile kaunta buku wakadhani ni VICOBA. Kwahiyo ukipata watu wanaojua kuna kitu kinaitwa kukwama sura ya sita, unawashika. Mtu anatuma voisi saa saba za usiku, "jamani nimemuua yule babu, nalia mwenyewe," na wanaamka watu watatu wanampa pole kama kafiwa kweli. Hiyo naisema mapema ili baadae nikianza kulaumu mjue nalaumu kitu ninachokipenda.

Sasa Mwalimu. Anafundisha Kiswahili sekondari, Tanga huko, watoto wawili, anaandika kwenye simu baada ya kusahihisha madaftari. Riwaya yake inahusu familia ya kambi ya mkonge, baba anakufa, nyumba ya urithi inagombaniwa, mama mkwe ni moto wa kuotea mbali. Ni nzuri, siyo kwa sababu ni mwenzetu, nimesoma za watu wenye majina zisizofika hapo. Aliiandika muda mrefu na faili zake zilikuwa na majina kama mnavyoyajua, RIWAYA MPYA, RIWAYA FINAL, FINAL 2, FINAL YA MWISHO, FINAL YA MWISHO KWELI. Hili la majina ya mafaili lishikeni.

Mzee ndiye aliyeisoma kwa namna ya pekee. Hasomi kwenye simu, macho, kwahiyo anapeleka faili steshenari wanamprintia, anakaa na biro nyekundu, halafu anapiga picha ukurasa mmoja mmoja anatuma, kidole gumba chake kimeingia pembeni karibu kila picha. Kuna sehemu mhusika mkuu anapanda treni ya abiria kwenda Moshi mwaka 2005. Mzee kazungushia duara, pembeni kaandika: "Treni gani hii? Abiria wa Moshi walikoma kupanda miaka ya tisini, treni imerudi Desemba 2019. Mpandishe basi, au mrudishe nyuma mwaka." Mwalimu alikasirika siku mbili, halafu akampandisha basi, na lile tukio la basi likaja kuwa moja ya kurasa nzuri kuliko zote kwenye kitabu, mama na jeneza juu ya keria na kondakta anadai nauli ya jeneza.

Basi. Siku moja Mwalimu anaweka skrinshoti grupuni. Kampuni ya uchapishaji ya Dar, aliona tangazo lao Instagramu, akawatumia mswada Jumanne, Alhamisi wamejibu. Barua pepe ina nembo, ina mhuri, inasema mswada wako umepitiwa na jopo letu la wahariri, umekidhi vigezo vya kimataifa, na maneno haya nayanukuu maana tunayajua wote kwa kichwa sasa hivi: "mtiririko wa kisa hauna pengo." Wanaomba mwandishi achangie gharama, milioni mbili na laki nane, kampuni "itabeba zinazobaki". Kianzio laki nane ndani ya wiki, mkataba unafuata.

Grupu lililipuka. Hongera, hongera, vigelegele vya voisi, maua, Boda kabandika ile katuni ya mtu anacheza, dada wa Kariakoo anasema uzinduzi sare nitatoa mimi kitenge kwa bei ya jumla. Ndani ya saa moja mtu kaanzisha mchango, orodha ikaanza kushuka, 1. Nesi 50,000, 2. Boda 20,000, 3... na ujue Boda ile elfu ishirini ni siku nzima juani. Mwalimu akakopa kikoba chake akajazia, laki nane ikaenda siku ile ile jioni.

Mzee kimya. Alikuja asubuhi yake, na ujumbe wake wote ulikuwa huu: "Hongera mwanangu. Jopo limesema nini kuhusu mbuzi?"

Hakuna aliyeelewa. Ikabidi aeleze. Mwalimu alivyoiweka ile barua pepe grupuni alifowadi na faili aliyoituma, na Mzee kwa ile tabia yake akaifungua asome tena. Haikuwa FINAL YA MWISHO KWELI. Ilikuwa FINAL 2. Na kwenye FINAL 2 sura ya tisa haipo. Kuna kichwa, SURA YA TISA, kwa herufi kubwa, halafu chini yake mstari mmoja: "hapa mama mkwe anarudi, nitaandika nikipata muda, usisahau mbuzi." Halafu inaanza sura ya kumi, mama mkwe yuko ndani ya nyumba anachinja mbuzi ambaye msomaji hajawahi kumwona, na nusu ya ugomvi wa urithi imeshaamuliwa sehemu ambayo haijaandikwa.

Jopo la wahariri likaona mtiririko hauna pengo.

Hapo ndo palipoanza kasheshe. Nesi alikuja juu, akasema Mzee ana husda, kwamba yeye umri umeenda hajachapishwa, sasa hataki mtoto wa mwenzie atoke. Boda akasema hata magazeti makubwa yanakosea, sura moja siyo ishu, wahariri watairekebisha mbele ya safari. Mwanafunzi akaandika aya ndefu ambayo sikuimaliza. Mtu mwingine akaleft. Mwalimu hakuandika kitu siku nzima ile, na mimi nadhani hilo ndo lililouma kuliko hela, maana alivuliwa nguo mbele ya watu wale wale waliokuwa wanamshangilia jana yake.

Sasa tuchambue, maana maneno ya pale yalikuwa mengi na hoja chache.

Kwanza hili la mwandishi kuchangia gharama lenyewe siyo dhambi, na watu wa grupu waliokuwa wanasema "mchapishaji wa kweli hakuombi hata mia" walikuwa wanarahisisha. Ukitaka kukitoa kitabu mwenyewe unaenda kwa mpiga chapa, unalipa, unapewa nakala zako, unauza, mmemalizana. Wakubwa wa hadithi za upelelezi walishafanya hivyo, Ben Mtobwa alikuwa na kampuni yake mwenyewe, Heko. ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na anayejichapishia anaweza kuomba, kwahiyo mtu akikuuzia ISBN kama cheo jua anakuuzia namba. Shida inaanza pale anayekuuzia huduma ya kupiga chapa anavaa koti la mchapishaji, anakwambia amekuchagua. Mchapishaji anayeweka hela yake analazimika kusoma, kitabu kikidoda kimemdodea yeye. Huyu hela yake imeshaingia kabla nakala ya kwanza haijatoka, sasa asome ya nini? Hasara haipo kwake. Sura ya tisa ikiwepo, isipokuwepo, laki nane ni ile ile.

Marekani walishawahi kulipima jambo hili kwa makusudi. Mwaka 2004 kundi la waandishi wa hadithi za kisayansi walikaa wakaandika riwaya mbovu kwa kadiri ya uwezo wao, kila mtu sura yake bila kujua mwenzie kaandika nini, sura moja wakaiacha haipo kabisa, nyingine ikarudiwa neno kwa neno mbele, nyingine ikatungwa na programu ya kompyuta kwa kuchanganya maneno ya sura za nyuma. Wakaipa jina Atlanta Nights wakaituma kwa kampuni moja iliyojisifu kwamba inachagua kazi. Desemba mwaka ule ule kampuni ikaikubali. Januari 2005 wenyewe wakatangaza kwamba ulikuwa mtego, na kampuni ikaiondoa ofa haraka sana. Wale walikuwa wanacheka. Mwalimu wetu alifanya jaribio lile lile bila kujua anafanya jaribio, na kwa hela ya kikoba.

Pili mkataba. Ulikuja baada ya kianzio, jambo ambalo peke yake lilitosha. Mzee, Nesi (ndiyo, Nesi, alishapoa) na mimi tuliusoma kwa simu kipengele kwa kipengele. Haki zote za kazi zinahamia kwa kampuni "kwa muda wote wa hakimiliki". Kwa sheria yetu, ile Namba 7 ya 1999, huo muda ni maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa. Yaani mtoto wake mdogo wa Mwalimu atazeeka kitabu bado ni cha wale jamaa, na ndani ya hizo haki zote imo filamu, imo tafsiri, imo redio. Idadi ya nakala: "kulingana na mahitaji ya soko", hakuna namba, kwahiyo hata nakala thelathini wametimiza. Mwandishi anapata asilimia 10 ya faida baada ya kutoa gharama, gharama ambazo kalipa yeye. Kusambaza vitabu hakukutajwa hata sehemu moja. Na akitaka nakala za kuuza mwenyewe anazinunua kwao.

Mwalimu aliwaandikia maswali manne mafupi, nakala ngapi, zitauzwa wapi, haki zinarudi lini, na je wameona kitu chochote kwenye sura ya tisa. Jibu lilikuja mstari mmoja, dada ofa inaisha Ijumaa, wapo waandishi wengi wanasubiri nafasi hiyo. Hakusaini. Laki nane aliidai kwa simu mpaka wakambloku, ikapatikana laki mbili tu kwa sababu shemeji yake anafahamiana na mtu pale ofisini.

Tatu, kwanini mtu mwenye akili zake, mwalimu wa lugha, anaingia humo. Watu wanasema tamaa. Mimi nakataa. Milango ya kweli ni michache na inafunguka polepole. Wachapishaji wetu wengi waliishi kwa vitabu vya kiada, faida ya hesabu na jiografia ndo ilikuwa inabeba riwaya, halafu kuanzia miaka ya 2013 na 2014 serikali ikairudisha kazi ya vitabu vya kiada kwa Taasisi ya Elimu, na ukimuuliza mchapishaji binafsi leo kwanini hachukui riwaya ya mtu asiye na jina hiyo ndo sababu atakayokupa kabla ya zote. Unatuma mswada unakaa mwaka haujajibiwa hata "tumepokea". Zimebaki tuzo. Ipo ya Safal-Cornell, ilianza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, inapokea miswada ambayo haijachapishwa, na ipo Tuzo ya Mwalimu Nyerere ambayo washindi wa kwanza walitangazwa Aprili 2023, aliyeshika nafasi ya kwanza akapata milioni 10 na serikali inakichapisha kitabu. Mambo mazuri sana hayo, ila tuzo inachukua watu wachache, miswada iliyobaki inarudi kwenye simu zilikotoka. Mtu aliyekaa hivyo miaka, akija mtu mwenye mhuri akamwambia tumekusoma, tumekupenda, yeye hasikii milioni mbili na laki nane, anasikia tumekusoma.

Na njia ya Boda nayo siyo peponi. PDF yake ya buku ilivuja, kuna jamaa anaiuza mpaka leo, kabadilisha jina la mtunzi na kaweka jalada la picha ya muigizaji wa Kifilipino ameshika bastola, hadithi inatokea Mbagala. Kwa sheria hakimiliki ni ya Boda toka alivyoandika, hata asiposajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, lakini nenda kamtafute mtu mwenye laini tatu na jina la "Simba wa Mapenzi".

Nne, na hapa ndo wenzangu wengi hatukubaliani, sisi. Kati ya wote tuliosema hongera ni Mzee peke yake aliyefungua faili. Grupu lilikuwa na sheria kabisa, ipo kwenye maelezo pale juu, "nimeipenda siyo maoni", na siku ile tulirudi kwenye nimeipenda wote kwa mpigo kwa sababu ilikuwa furaha. Na ile furaha ilikuwa ya kweli, nadhani ndo maana ilikuwa na nguvu ya kumfanya Mwalimu alipe jioni ile ile, maana unaanzaje kusema ngoja kwanza wakati Boda ameshatoa elfu ishirini? Mchango ulimsukuma. Tulidhani tunamshika mkono kumbe tuko nyuma yake tunasukuma. Kampuni ile ingejua ingetulipa kamisheni.

Mzee naye simpi mia kwa mia. Alikuwa sahihi kwa kila kitu isipokuwa mahali pa kusemea. Ana namba ya Mwalimu, angempigia, binti fungua faili uliyotuma, angalia sura ya tisa, basi, Mwalimu angejionea mwenyewe na angekuja grupuni na maneno yake. Ile ya mbuzi mbele ya watu wote ilikuwa tamu sana kuiandika, na mwandishi akipata sentensi tamu anaipenda kuliko mtu. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba angempigia mtu mmoja, sisi wengine tungeendelea kuchanga, na hapo sina jibu kamili. Alimpigia baadae akamwomba radhi, Mwalimu akamwambia shikamoo mzee yameisha, akaongeza lakini biro nyekundu naomba upumzike nayo mwezi mzima.

Nesi alimwomba radhi Mzee grupuni, kwa voisi, huku mtoto wa mtu analia wodini nyuma. Hilo la husda sasa hivi limekuwa utani, yeyote akikosoa sura ya mtu anaanza na "kwa husda zangu zote".

Kilichobadilika ni vitu vidogo. Mchango haukufutwa, ile laki mbili iliyorudi Mwalimu alikataa kuichukua ikawa ya grupu, inalipia steshenari, mswada ukikamilika unaprintiwa nakala mbili unatumwa kwa basi kwa wasomaji wawili ambao siyo marafiki wakubwa wa mwandishi. Ofa yoyote ikija hailipwi kitu mpaka mkataba usomwe na watatu, na mpaka aliyetoa ofa ataje kitu kimoja cha ndani ya mswada, jina la mhusika, tukio, chochote. Ni kipimo cha kijinga lakini zimeshakuja ofa mbili baada ya pale na zote zilikufia hapo, moja walitaja jina la mhusika ambaye hayupo.

Riwaya yenyewe Mwalimu aliipeleka kwenye tuzo na sura ya tisa ikiwa ndani, haikufika popote. Akaipeleka kwa mchapishaji mwingine, wa zamani, ofisi yake haina hata Instagramu. Kimya kirefu, halafu zikaja kurasa tatu za maoni, hakuna neno la kulipia. Wanasema wapo tayari kuitazama tena ila mwanzo ni mzito, aondoe sura nne za kwanza kisa kianzie kwenye lile jeneza juu ya basi. Mwalimu amevimba, anasema sura hizo nne ndo baba yake mwenyewe yumo. Boda anamwambia usikate hata nukta, njoo Facebook tuachie vipande. Nesi anasema kata mbili tu uwaone. Mzee kwa mara ya kwanza yuko upande wa wachapishaji, anasema alishaandika hivyo hivyo kwa biro nyekundu ukurasa wa kwanza na hakuna aliyemsikiliza. Mpaka naandika hapa amekata mbili, na grupu limegawanyika katikati, jana usiku admini ilibidi afunge wasiandike mpaka asubuhi.